Wageni Waliofika Mapema kwa Mbuke

Mbuke hakukulia kwenye nyumba yenye mlango. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na hakuwa anatania. Nyumba ya baba yake kule Kwimba ilikuwa na pazia la gunia, na hata yeye na mumewe Nkuba walipohamia bonde la Usangu, wakiswaga ng'ombe msimu mzima, kibanda chao cha kwanza kilizibwa kwa ubao uliosimamishwa tu ili mbuzi wasiingie kula unga. Mgeni alipiga hodi huku ameshaketi. Mbuke aliamkia mtu, akamuuliza habari za watoto, za mvua, za mifugo, za waliokufa na za waliozaliwa, na salamu zikiisha ugali ulikuwa tayari. Kwake mgeni alikuwa baraka, hata awe mgeni wa kodi.

Kisha goti la Nkuba likachoka kufuata ng'ombe. Watoto wa kiume wakabaki na mifugo Usangu, wazee wakauza sehemu yao na kujenga nyumba Iyunga, pale Mbeya mjini. Ilikuwa nyumba ya maana: bati la bluu, vigae sebuleni, na televisheni pana aliyoileta binti yao Prisca, muuguzi wa huko Iringa. Mbuke alilalamikia baridi tu. Majirani aliwapenda wote kwa mwezi wa kwanza, na wao wakajifunza kwamba ukipita kwake na haraka zako, utafika uendako na haraka ya kesho.

Shida ilianza Jumapili moja, jirani yao Mwalimu Ipyana alipokuwa kanisani na familia yake. Wezi waliingia wakabeba televisheni, mtungi wa gesi, na sufuria ya maharage iliyokuwa juu ya jiko. Mwalimu alieleza wizi ule mtaa mzima, na kila akifika kwenye maharage sauti ilikatika.

"Yalikuwa yameshaungwa nazi," alisema. "Mtu ana roho gani?"

Nkuba alisikiliza kwa mikono nyuma. Aliporudi nyumbani alizunguka ukuta wake polepole, akigusa hapa na pale kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Mama Prisca," alisema, "fisi akionja zizi la jirani, kesho yuko kwako."

"Fisi gani Iyunga, Baba Prisca?"

"Wa miguu miwili."

Tangu siku hiyo nyumba ya Mbuke ikageuka zizi. Kwanza yalikuja makofuli. Halafu mnyororo, kisha komeo la chini na komeo la juu. Fundi akachomelea nondo madirishani, akachomelea na mlango wa nondo kwenye stoo, ambamo Nkuba aliweka mahindi, majembe na mkuki wake wa ujanani. Vipande vya chupa vikapandwa juu ya ukuta. Mbwa akanunuliwa, akapewa jina Simjui, ili mwizi akimsikia Nkuba akiita "Simjui! Simjui!" ajue kwamba hapa hapana kujuana. Lakini Simjui alikuwa mbwa mnene na mpole. Akimwona mtu mpya alilala chali akisubiri kukunwa tumbo.

Funguo zote Nkuba alizifunga kwenye ukanda wa ngozi ya ng'ombe, akauvaa shingoni. Akitembea, alilia kama kengele ya dume. Akilala, Mbuke aliamshwa na mlio kila mume alipogeuka. Sukari ilikuwa nyuma ya kufuli. Siku moja Nkuba alijifungia chooni kwa komeo jipya lililogoma kurudi, na Mbuke akamwuliza kutoka nje, kwa upole kabisa, kama aite fundi au amwite Simjui.

Lakini hayo yote Mbuke aliyavumilia. Kilichomkaba roho ni geti. Nkuba aliamuru lisifunguliwe kwa mtu yeyote ambaye yeye hajamwona kwanza kupitia tundu alilolitoboa kwa kazi hiyo. Akitoka, alifunga kwa nje akaondoka na funguo. Katekista alipokuja kuwaona, Mbuke alimpitishia kikombe cha chai kwenye tundu lile, na mtu wa Mungu akainywa amesimama barabarani, akimwombea heri jicho moja.

"Unanifanya mfungwa," Mbuke alimwambia mumewe.

"Mfungwa haibiwi," alijibu Nkuba, naye aliona amesema jambo.

Basi ndipo Prisca akapiga simu kutoka Iringa. Kuna kijana, alisema. Anaitwa Obeid, wa Kihesa. Wazee wake wanataka kuja Jumamosi kujitambulisha na kuleta posa.

Nkuba aliipokea simu kwa sura ya mvua ya mawe. "Anafanya kazi gani huyo?"

"Ni daktari wa mifugo, baba."

Mvua ikakatika. Jua likachomoza usoni mwa Nkuba. "Daktari wa ng'ombe?"

"Ng'ombe, mbuzi, wote."

"Waje," alisema Nkuba. "Wasichelewe."

Wiki nzima Mbuke alikuwa kama msichana. Alifua mapazia, akasugua vigae, akawatangazia majirani wote juu ya ukuta, kati ya chupa. Jumamosi asubuhi ukungu bado umeshika, Nkuba alitaka kwenda Mbalizi kuchukua mbuzi aliyechinjiwa na rafiki yake. Hapo likaja swali la funguo. Wageni wakifika naye hayupo, je? Alisimama uani muda mrefu. Mwishowe akauvua ukanda, akamvisha mkewe kama askofu anayemvisha mwenzake msalaba.

"Ni wageni wa Iringa tu," alisema. "Ukishasikia neno Iringa, ndipo ufungue. Mwingine yeyote, hata awe kaka yangu, asubiri nje."

"Kaka yako amekufa, Baba Prisca."

"Ndiyo sababu zaidi ya kumwacha nje."

Haukupita muda mrefu baada ya Nkuba kuondoka, geti likagongwa. Mbuke aliweka jicho kwenye tundu. Aliona tumbo kubwa ndani ya koti la suti. Alipoinamisha shingo aliona kwamba tumbo lina mwenyewe, mwanamume wa makamo mwenye uso wa kupendeza, na pembeni yake mwingine mwembamba aliyevaa kofia na kubeba begi. Nyuma yao kulikuwa na pikapu iliyofunikwa turubai.

"Shikamoo mama," alisema yule mnene. "Samahani kwa usumbufu. Sisi tumetumwa kuja..."

"Kutoka Iringa?" Mbuke alidakia.

Mnene alimtazama mwembamba. Mwembamba aliangalia viatu vyake.

Kumbe, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, watu wale hawakutoka Iringa wala hawakutumwa na mtu. Kazi yao ilikuwa kupita mitaani wakijifanya wapulizia dawa ya mbu. Huwaambia wenye nyumba watoke wakae mbali kidogo kwa sababu dawa ni kali, na wakirudi wanakuta mbu wapo, televisheni haipo. Maneno yote ya dawa yalikuwa tayari mdomoni mwa mnene. Lakini mlango ukifunguka wenyewe, nani atauliza ulifunguliwa kwa neno gani?

"Iringa hukohuko, mama," alisema.

"Kwa ajili ya Prisca wangu?"

"Hasa! Huyohuyo Prisca wako."

Mbuke alipiga kigelegele papo hapo, peke yake, nyuma ya geti. Kisha akaanza kufungua. Alifungua kufuli la kwanza, akafungua la pili, akatoa mnyororo, akavuta komeo la chini, akaparamia ndoo kufikia la juu.

"Mama, mmejilinda," alisema mnene kutoka nje, kwa sauti ya mtu anayeheshimu kazi ya mwenzake.

"Ni mume wangu. Anaogopa wezi."

"Ana haki. Dunia imeharibika."

Waliingia. Simjui akalala chali. Mbuke akawaketisha kwenye makochi mazuri, akawasalimia. Aliuliza habari za safari, za Kihesa, za mashamba, za afya ya kila ambaye huenda yupo. Mnene alijibu kila swali kwa "salama tu, mama," macho yakizunguka sebule: televisheni, redio, deki, saa ya ukutani.

"Na ninyi kwa kijana ni nani na nani?"

"Mimi ni baba yake mkubwa," alisema mnene. "Na huyu ni mjomba."

Mbuke alimtazama mjomba, akaona huenda ni kijana kuliko hata mpwa wake. Alijisemea kwamba babu wa Iringa alizaa hadi uzeeni, akamheshimu babu.

"Mama, naomba maji ya kunywa," alisema mnene. "Na kama una chai, hata usiharakishe. Kaa huko jikoni kwa raha yako. Sisi tutapumzika hapa."

Ungekuwa mpango mzuri kwa mwenyeji mwingine. Lakini kwa Mbuke, mgeni wa heshima kumwacha peke yake sebuleni ni tusi ambalo ukoo mzima hulibeba. Alikwenda ukutani, akapaza sauti: "Mwalimu! Mwalimu Ipyana! Wakwe wamefika! Njoo uwaburudishe!"

Mwalimu alikuja na tai tayari shingoni, maana alikuwa akisubiri. Aliwahi kufundisha Iringa, akatamani kuonyesha.

"Kamwene!" aliwaamkia, kwa Kihehe safi.

Mnene, ambaye katika njia ya Iringa hakuwahi kuvuka Makambako, alishikwa na hofu akajibu kwa asante iliyokuwa karibu na ulimi. "Ndaga fijo, baba."

Mwalimu aliruka. "Kinyakyusa! Mhehe anayejua Kinyakyusa! Mama Prisca, hawa ni watu!" Akaketi kati yao, akawamiminia Kinyakyusa cha kwao Tukuyu, naye mnene, aliyezaliwa Tukuyu, akajibu vizuri kiasi kwamba Mwalimu alikaribia kulia. Chai ikaja, ikaja michembe, yaani vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikaja karanga. Mwalimu akafika kwenye hadithi yake ya wizi.

"Walibeba televisheni, hiyo nimesamehe. Walibeba mtungi..."

"Ile televisheni yenye ufa pembeni?" aliuliza mwembamba, akitafuna.

Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Umejuaje kwamba ina ufa?" aliuliza Mwalimu.

Mwembamba alipaliwa na mchembe. Mnene akamgonga mgongoni kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika. "Televisheni za siku hizi, ndugu yangu, zote zina ufa," alisema kwa huzuni. "Ni mali duni tu wanatuletea."

Mwalimu alikubali kwamba ni kweli, mali ni duni. Akaendelea na maharage. Mwembamba alitazama chini, na Mbuke akaona kwamba mjomba huyu ana moyo mwepesi, akampenda zaidi.

Ndipo geti likalia. Nkuba alirudi na nyama ya mbuzi kwenye mfuko wa salfeti begani. Aliingia, akafunga nyuma yake makofuli yote, mnyororo na makomeo yote mawili. Akanyoosha mkono, Mbuke akamrudishia ukanda, Nkuba akauvaa. Kisha akaingia sebuleni akiwa amefungua mikono.

"Karibuni sana wakwe! Jisikieni salama kabisa. Humu ndani haingii mtu, wala hatoki mtu!"

Mnene alijaribu kucheka pamoja naye.

"Mzee, shikamoo. Tulikuwa tunaomba kidogo tutoke hadi kwenye gari, tumesahau zawadi zenu."

"Zawadi zitasubiri. Mgeni hatoki kwangu kabla ya nyama." Nkuba aliketi, funguo zikalia. "Na gari msiliogope. Nimemwambia kijana wa duka la mbele alitupie jicho. Mtaa huu una wezi, ndugu zangu. Hebu niwaonyeshe nilivyojipanga."

Hakuna aliyewahi kuvumilia matembezi yale hadi mwisho, hata Mwalimu alikuwa akitorokea kwenye tangi la maji. Lakini wageni hawa walifuata. Nkuba alionyesha nondo. Alionyesha chupa za ukutani, zile za kijani na zile za kahawia. Alieleza unene wa mnyororo. Mnene alikuwa akiitikia tu mpaka walipofika dirisha la jikoni, na hapo, Mbuke aliyekuwa akikaanga maini aliona kwa macho yake, uso wa mgeni ukabadilika. Alisogea. Alipitisha kidole kwenye fremu. Alitikisa kichwa.

"Nani alikufungia hili, mzee?"

"Fundi wa hapa hapa. Kwa nini?"

"Bawaba ziko nje. Mtu anakuja na bisibisi, anatoa skrubu, grili lote analiweka chini taratibu, wala huamki. Ni aibu. Amekuibia huyu fundi."

Mwembamba alimkanyaga mguu. Mnene hakujali, alikuwa ameshawaka. "Na hizo chupa, mzee, ni pambo tu. Gunia moja likitupwa juu, mtu anapita kama kwenye godoro. Na mbwa wako..." Alimtazama Simjui, akakosa neno.

Nkuba alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mama Prisca!" aliita. "Sikia mtu mwenye akili! Wengine wanakuja kuposa wanajua kula tu. Huyu ananilindia nyumba!"

Maini yalipoiva, Mbuke alimpa baba mkubwa kipande kilichonona, na mjomba mwembamba akawekewa cha pili bila kuomba, kwa sababu Mbuke alimwona anatetemeka na akadhani ni baridi ya Mbeya. Walikula. Nkuba akafuta mikono, akakohoa kile kikohozi cha mambo makubwa.

"Sasa," alisema. "Huyu kijana wetu. Binti ametueleza kazi yake, lakini mimi nataka nisikie kwenu. Ng'ombe anawajua?"

Mnene alitafuta jibu kwenye dari. Kijana wa mjini anayeoa muuguzi, alifikiri, atakuwa karani wa mahali fulani. "Ng'ombe? Aa, mzee, nisikudanganye. Ng'ombe anawaogopa kidogo."

Mwiko ulimdondoka Mbuke.

"Anawaogopa?" aliuliza Nkuba, sauti ikishuka.

"Tangu utotoni. Akimwona anabadili njia."

"Daktari wa mifugo," alisema Nkuba, neno moja moja, "akimwona ng'ombe anabadili njia?"

Mnene aliinua kidole. "Anaogopa kwa maana ya kuheshimu, mzee. Si unajua daktari wa kweli humheshimu mgonjwa."

Nkuba hakuridhika. Alikuwa akiinuka, na Mbuke aliona posa ya binti yake ikiinuka naye, ikielekea mlangoni. Akaomba Mungu alete jambo lolote. Geti likagongwa.

Nkuba alitoka na ghadhabu yake, akatia jicho tunduni. Nje walisimama mzee aliyejaa vumbi la safari, kofia mkononi, na mama mwenye mwavuli. Walikuwa wameshuka basi barabara kuu na kupotea vichochoro viwili vitatu.

"Ni akina nani?"

"Kamwene, mzee wetu. Mimi ni Yotamu, na huyu ni dada yangu Eveline. Tumetoka Iringa, tumekuja kwa habari ya Prisca."

Nkuba alirudi nyuma kama aliyechomwa. Akacheka kicheko kikavu.

"Wageni wa Iringa wako ndani wanakula maini! Ninyi mmechelewa kupanga uongo wenu. Wezi! Wezi! Simjui! Simjui!"

"Hatujuani ndiyo, mzee, lakini..." alianza Yotamu.

Nkuba alikwisha kuipuliza filimbi aliyoiweka mfukoni kwa ajili ya wezi. Iyunga haihitaji filimbi mbili. Watu walitoka kwenye genge, kwenye gereji, kwenye saluni wakiwa na vitana vichwani. Mzee Yotamu akakamatwa kwenye mikono yote miwili, koti lake jipya likachanika begani, na dada yake Eveline akafungua mwavuli akaanza kuutembeza kwenye vichwa vya watu bila kuchagua.

Ndani, mnene alimfuata Nkuba getini. "Mzee, fungua haraka! Tuachie sisi tuwafukuze!"

"Mgeni hapigani kwangu."

"Tunaomba, mzee! Tuna uzoefu!"

"Rudini mkakae. Hamtoki."

Mbuke hakujua amsikilize nani. Alikwenda chumbani akampigia simu Prisca, si kwa sababu alishuku lolote, bali alitaka kumwambia kwamba mchumba wake anaogopa ng'ombe na kwamba getini kuna fujo. Lakini Prisca hakumpa nafasi.

"Mama! Kuna nini huko? Shangazi Eveline amenipigia sasa hivi analia, anasema baba amewaitia mwizi! Wako getini, mama! Wafungulieni!"

"Shangazi Eveline yupi? Baba mkubwa na mjomba wameshafika tangu asubuhi."

"Mama," alisema Prisca taratibu. "Obeid hana mjomba."

Mbuke alikaa kitandani. Kwanza alijiona mpumbavu. Kisha akakasirika, na hasira yake haikuwa ya televisheni, maana ilikuwa bado ipo. Aliyakumbuka yale maini, lile pande lililonona, jinsi alivyomwekea mwembamba cha pili. Mtu akila kwako namna ile na huku anahesabu vitu vyako, anakuwa amekula nini?

Alisimama apige kelele, na mdomo ukafunguka kabisa. Hapo akasikia sauti za nje. Mmoja alisema mawe. Mwingine aliuliza kama kuna mwenye tairi. Sauti zile Mbuke alizijua. Kule Usangu aliwahi kuona watu wakimfanyia hivyo mtu aliyesingiziwa kuiba ng'ombe, na ng'ombe yule akarudi mwenyewe jioni. Alifunga mdomo wake.

Alitoka sebuleni akitabasamu kwa shida.

"Baba mkubwa, mjomba, njooni huku nyuma kidogo. Kuna kitu cha bibi harusi lazima ndugu wa mume wakione kabla hatujaendelea."

Walimfuata haraka, wakitumaini kwamba huko nyuma kuna njia. Aliwaonyesha stoo. Waliingia gizani kati ya mahindi na majembe. Mbuke akavuta mlango wa nondo, akarudisha komeo, akabana kufuli lililokuwa likining'inia.

"Nimeongea na Prisca," alisema.

Nje ya ukuta umati ulivuma. Mnene alikuja akashika nondo, na uso wake ulikuwa umekwisha kabisa.

"Mama, wale wa nje wameshajua?"

"Bado. Nitakapowaambia, watawaacha wale wazee, waje hapa."

"Hiyo kufuli imeingia vizuri?"

"Imeingia."

"Na hilo komeo la juu je?"

"Lile la juu limeachwa."

"Lifunge na hilo, mama," alisema mnene. "Tafadhali."

Mbuke alilifunga.

Aliwapigia simu polisi, kisha akamwita Nkuba pembeni, akamnong'oneza. Itoshe kusema Nkuba alikwenda kuutafuta mkuki wake, akakumbuka uko stoo, akaenda, na mwembamba akampitishia kwenye nondo kwa adabu kwa mikono miwili. Kitendo kile kilimchanganya Nkuba kiasi kwamba alibaki ameushika tu. Mbuke akampokonya funguo, akafungua geti mwenyewe, akajitokeza mbele ya watu wote, akapiga magoti mbele ya mzee Yotamu.

"Hawa ndio wakwe zangu wa kweli," alisema. "Waacheni. Tuliokosa ni sisi."

Umati ulimwachia Yotamu kwa aibu, mmoja akampangusa vumbi, mwingine akamrudishia kofia. Halafu ukauliza, kwa sauti moja, kama hawa ni wakwe, wezi wako wapi? Mbuke akasimama katikati ya geti akiwa amejaza nafasi yote.

"Wezi wamefungwa. Polisi wameshaitwa. Na aliyefungwa kwangu analindwa kwangu. Nkuba, funga."

Nkuba akawaingiza wakwe, akafunga, na siku hiyo hakuna aliyemcheka kwa makomeo yake. Mwalimu Ipyana, aliyekuwa ndani muda wote, akaenda hadi stoo, akasimama mbele ya nondo akawauliza kwa Kinyakyusa swali moja tu, na mwembamba akakiri kwamba ndiyo, yalikuwa matamu.

Polisi walipokuja waliwatoa kwa ulinzi mkali. Kwenye begi kulikuwa na mtarimbo, bisibisi na barakoa za kupulizia dawa, na chini ya turubai la pikapu kulikuwa na friji ya mtu wa mtaa mwingine. Kabla ya kupanda gari mwembamba alitoa mfukoni rimoti ya televisheni na kijiko cha chai, akamkabidhi Mbuke bila kumtazama.

Kazi ngumu ikawa ile ya sebuleni. Mzee Yotamu aliketi na koti lililochanika, na dada yake hakuachia mwavuli. Kwa desturi, ni upande wa mwanamume unaotozwa faini kwa kuchelewa, kwa kutojitambulisha vizuri, kwa kila kitu. Siku hiyo Eveline alifungua kikao kwa kuwatoza wenyeji. Faini ya koti. Faini ya kuitwa mwizi, ya kaka, na ya dada peke yake. Faini ya mbwa.

"Mbwa hakuuma mtu," alisema Nkuba kwa unyonge.

"Geti lilipofunguka alinilalia mguuni. Sikuweza kukimbia."

Nkuba, ambaye wiki nzima alijiandaa kuwa mgumu kama mwamba katika mambo ya ng'ombe wa mahari, aliitikia kila alichoambiwa. Alijitutumua mara moja tu.

"Naomba kuuliza jambo moja. Huyu Obeid, ni kweli anaogopa ng'ombe?"

Yotamu alimtazama kwa mshangao. Akasimulia jinsi kijana alivyolala zizini na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, mkono mzima umo ndani, mpaka ndama akatoka. Nkuba alisikiliza akiwa ameinamia mbele, na ndama alipotoka, akafuta machozi. Mambo mengine yote yalikwisha hapo.

Wiki iliyofuata alimwita fundi akahamisha bawaba za dirisha la jikoni kwenda ndani. Alipoulizwa nani alimshauri, alisema ni ndugu fulani. Naye Mbuke alimchongeshea ufunguo wa geti wa kwake mwenyewe. Hawakuligombania tena jambo hilo. Aliuweka tu mezani kando ya kikombe chake cha chai, naye Mbuke akauona.

Arusi ilifungwa Iringa baada ya mavuno. Kesi ilisikilizwa Mbeya kabla ya hapo, na Mbuke aliitwa kutoa ushahidi. Aliingia mahakamani na kitenge kipya, akiwa na hofu. Wale wawili walikuwa kizimbani, mnene amepungua, koti linaning'inia.

"Shikamoo, mama," alisema mnene, kwa sauti ndogo.

"Marahaba mwanangu," alijibu Mbuke kabla hajajizuia. "Hamjambo? Mmeamkaje huko? Na baridi hii mnapewa blanketi?"

Hakimu aligonga meza. Watu walicheka, hata karani. Mbuke aliona aibu, akaomba radhi. Akaulizwa kama anawafahamu washitakiwa.

"Nawafahamu," alisema. "Walikula kwangu." Kisha akaeleza yote tangu mwanzo, bila kupunguza wala kuongeza, mpaka kwenye kijiko. Ushahidi wake ulichukua muda mrefu, kwa kuwa alianza na habari za ukungu wa asubuhi ile. Alipomaliza alishuka kizimba cha mashahidi, akampita Nkuba aliyekuwa akimsubiri kwenye benchi, akatoka nje kwenye jua, akanunua mkate na maparachichi mawili, akamwomba askari wa mlangoni awapelekee.